Mzinga Unapofika Mezani: Kuandika Kanuni za Vita vya Kuzingira Ngome

Usiku nilipowaletea wachezaji wangu mzinga kwa mara ya kwanza, kisa kilikwisha kabla chai haijapoa. Joka nililolilea kwa miezi mitatu lilitua juu ya ukuta wa ngome. Mchezaji mmoja akauliza, "Mzinga umejaa?" Nikamjibu umejaa. Akatupa dadu, akajumlisha, joka likaanguka baharini. Wenzake wanne wakabaki wameshika karatasi zao, hawana la kufanya. Hakuna aliyecheza vibaya. Kosa lilikuwa katika kanuni yangu: niliuandika mzinga kana kwamba ni upanga mkubwa sana.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeendesha michezo ya mezani ya uhusika, ile ambayo watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akamchukua mhusika wake, mmoja akawa msimulizi, na dadu zikaamua yale ambayo maneno peke yake hayawezi kuyaamua. Ukitaka baruti na kuta zinazobomoka katika ulimwengu wako wa majoka na wachawi, hii ndiyo njia niliyoifikia baada ya kufuta na kuandika upya mara nyingi. Msingi wake ni kwamba mzinga ni kazi ya mikono mingi, kama kushua jahazi. Una watu wake, hatua zake na muda wake. Andika kanuni za kazi hiyo kwanza. Idadi ya dadu za madhara iwe jambo la mwisho kuliamua.

Anza na muda

Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, ulitoka tumboni mwa michezo ya vita ya vinyago. Kitabu cha Chainmail cha mwaka 1971, alichokiandika Gygax pamoja na Jeff Perren, kilikuwa cha kanuni za majeshi ya zama za kati. Kwa hiyo ngome na vyombo vya kuzibomolea si wageni mezani. Hata hivyo, hebu tazama kitabu cha msimulizi cha toleo la tano, kilichotoka mwaka 2014. Mzinga unapewa dadu nane za pande 10, wastani wa madhara 44. Unapiga hadi futi 600 bila taabu, na hadi 2,400 kwa kubahatisha. Unadai vitendo vitatu: kupakia, kulenga, kufyatua. Raundi moja ya mchezo huo ni sekunde sita. Mpe kila kitendo mtu wake, na watu watatu watapiga kila raundi, yaani mara kumi kwa dakika.

Linganisha na mwaka 1453. Fundi Orban, Mhungaria, alikuwa amemwendea kwanza Mfalme Constantine XI, naye hakuwa na fedha za kumlipa. Akaenda kwa Sultani Mehmed II, akamsubia kule Edirne mzinga wa urefu wa mita nane hivi, unaorusha jiwe la zaidi ya nusu tani. Mzinga huo uliburutwa na ng'ombe 60 na mamia ya watu hadi mbele ya kuta za Constantinople, na ulipofika ulipiga mara saba hivi kwa siku. Saba, kutwa nzima. Baada ya kila risasi ulihitaji kupozwa kwa mafuta usije ukapasuka.

Kati ya mara kumi kwa dakika na mara saba kwa siku kuna ulimwengu mzima, na humo ndimo unapochagua mchezo wako uwe wa namna gani. Ukiuchukua mzinga wa Orban, risasi moja ni tukio la kikao kizima: watu wanajiandaa, wanangoja, wanaziba masikio. Ukiuchukua mzinga mwepesi wa magurudumu, wa aina ambayo Mfalme Charles VIII wa Ufaransa aliingia nayo Italia mwaka 1494, ukivutwa na farasi na kurusha tufe za chuma, silaha yako inaweza kuandamana na jeshi. Ukiuchukua mzinga wa uwanjani wa karne ya 18 na ya 19, kikosi kizuri kinapiga mara mbili kwa dakika, pengine tatu. Chagua mmoja tu kwa kuanzia. Nimeona watu wakiandika aina tisa za mizinga kabla hawajaupiga hata mmoja, na wachezaji wao hawakuweza kukumbuka tofauti zake.

Nitatumia mzinga wa magurudumu kwa mapigano ya karibu, na ule mkuu wa Orban kwa kubomoa kuta.

Hatua tano, mikono mitano

Igawe risasi moja katika hatua tano: kupangusa, kutia baruti, kutia tufe, kulenga, kuwasha. Kila hatua inachukua raundi moja ikiwa kikosi kina watu watano wanaojua kazi. Raundi tano za sekunde sita ni sekunde 30, ambao ndio mwendo halisi wa risasi mbili kwa dakika. Watu wakipungua hadi watatu, kupangusa na kulenga kunachukua raundi mbili kila kimoja. Akibaki mtu mmoja peke yake, kila hatua inachukua raundi mbili.

Ukilitazama hilo kwa makini utaona jambo lililonifurahisha sana nilipoligundua. Mapigano mengi katika michezo hii hayadumu zaidi ya raundi nne au tano. Maana yake, katika pigano moja mzinga unapiga mara moja tu: ile risasi iliyokuwa imeshapakiwa kabla adui hajatokea. Swali la mezani halihusu tena madhara. Kila mtu anajiuliza tuwashe sasa, au tungoje wakaribie? Nani ana utambi mkononi? Na tukikosa, nani ataziba pengo kwa raundi tano wakati wenzake wanapakia tena?

Kila hatua mpe mchezaji wake, na kila mchezaji mpe uamuzi wake. Mpangusaji anaamua kama afanye kazi yake au airuke ili kuokoa muda. Mtia baruti anaamua kipimo: cha kawaida, au kikubwa ili risasi ifike mbali. Mtia tufe anachagua kati ya tufe moja zima na mfuko wa vipande vya chuma vinavyotawanyika kwa karibu. Mlengaji anachagua mahali. Mwasha utambi anachagua wakati. Usimwachie mchezaji yeyote hatua ya kutupa dadu tupu isiyo na uchaguzi ndani yake, kwa sababu mara ya pili atatupa huku anatazama simu.

Mhusika asiyejua kazi ya mizinga anaweza kushika hatua yoyote isipokuwa kulenga. Hili naliweka kwa makusudi. Historia imejaa ngome zilizoshikiliwa na watu ambao hawakuwa askari, na nitakupa mfano wa nyumbani tukifika kwenye mzingiro wenyewe.

Lenga mahali

Kanuni iliyoniponyesha na ule msiba wa joka ni fupi: mzinga haumlengi mtu, unalenga mahali. Katika hatua ya kulenga, mchezaji anaweka kidole juu ya ramani. Hapo. Mlango wa handaki, kichwa cha daraja, pembe ya mnara. Kuanzia hapo hadi mzinga uwashwe au ulengwe upya, risasi itakwenda pale. Mwasha utambi anapowasha, chora mstari kutoka mdomo wa mzinga hadi mahali hapo na hatua chache mbele yake, maana tufe la chuma likigonga ardhi ngumu hudunda na kuendelea. Kila aliye kwenye mstari anatupa dadu ya kukwepa. Hakuna dadu ya kumpiga fulani.

Matokeo yake ni kwamba joka linaloruka haliwezi kupigwa, isipokuwa mtu alivute lije mahali pale. Basi ghafla wale wanne waliokuwa wameketi bure wanakuwa na kazi. Mmoja anakimbia mbele ya joka akipunga kitambaa. Mwingine anaamua kama mwenzake ameshatoka kwenye mstari. Wa tatu ameshika utambi, na jina la rafiki yake liko mdomoni.

Dhidi ya ukuta, ambao haukimbii, tumia dadu ya pande 20 moja tu: 11 na zaidi risasi imegonga kipande kile kile kilichokusudiwa, chini ya hapo imegonga jirani au imepita juu. Ongeza moja kwa kila risasi iliyopigwa mahali hapo hapo bila mzinga kuhamishwa, hadi tatu, kwa kuwa mlengaji anasahihisha kwa kuona tufe la kwanza lilikotua.

Kuhusu madhara kwa viumbe sitakuchosha. Tufe la chuma likimpata mtu wa kawaida, anakufa. Kwa wahusika wakuu na wanyama wakubwa, zile dadu nane za pande 10 zinatosha, na ukiona ni nyingi punguza hadi sita. Tayari umeweka vizuizi vya kutosha kabla ya kufika hapo. Risasi iliyogharimu raundi tano na urafiki wa watu wawili inastahili kuuma.

Joto

Mizinga ilipasuka. Tarehe 3 Agosti 1460, Mfalme James II wa Scotland alikuwa amesimama karibu na mzinga wake mmoja katika mzingiro wa Roxburgh. Mzinga ukapasuka, ukamuua. Mzinga mwingine aliokuwa nao mfalme huyo, Mons Meg, uliotengenezwa mwaka 1449 kwa ajili ya Philip wa Burgundy, ulidumu hadi mwaka 1680, ukapasuka wakati wa kupigwa kwa heshima tu, pasipo vita yoyote. Bado uko Edinburgh.

Waandishi wengi wa kanuni wanajua habari hizi, na wanaandika: ukipata 1 kwenye dadu ya pande 20, mzinga umepasuka. Piga hesabu kabla ya kukubali. Kwa risasi saba kwa siku, nafasi ya mzinga kupasuka siku ya kwanza ni karibu asilimia 30. Kwa wiki moja, nafasi ya kubaki mzima ni chini ya asilimia 10. Hakuna sultani angelipa fedha kwa chombo cha namna hiyo. Zaidi ya hesabu, kuna uonevu ndani yake: mchezaji amefanya kila kitu sawasawa, na dadu inamnyang'anya.

Mimi natumia joto. Weka dadu nyekundu kando ya mzinga, kila mtu aione. Kila risasi inaongeza joto mbili. Hatua ya kupangusa, kwa sponji na maji, inaziondoa zote mbili na kuzima cheche zilizobaki ndani. Kikosi kinachopangusa kila mara hakina cha kuogopa. Kikosi kinachoruka hatua hiyo kinaokoa raundi moja, na joto linapanda. Anayewasha utambi wakati kuna joto anatupa dadu ya pande 20. Akipata namba sawa na joto au chini yake, kuna tatizo, na dadu ya pande sita inasema ni lipi. Moja hadi tatu: baruti haikushika, mtu lazima aingize mkono na kuisafisha, anzeni tena kutia baruti. Nne na tano: ufa; tangu leo joto la mzinga huu halishuki tena chini ya mbili. Sita: umepasuka, na kila aliye karibu, pamoja na mfalme aliyekuja kutazama, anapata madhara kama aliyepigwa na tufe.

Kwa joto la nne, hatari ya kupasuka ni moja kati ya 30. Ni ndogo, lakini nimewaona watu wazima wakinyamaza mezani wakiitazama ile dadu nyekundu ikisoma nne, huku mlango unavunjwa. Hakuna aliyelazimishwa. Wamechagua wenyewe kuruka sponji, na wanalijua hilo.

Kipimo kikubwa cha baruti kinaongeza joto moja zaidi. Mzinga ulionunuliwa kwa bei rahisi kwa mfanyabiashara asiyejulikana unakuja na ufa wake tayari. Usiwaambie wachezaji, waache waugundue.

Baruti yenyewe

Baruti nzuri ni shura asilimia 75 hivi, makaa 15 na kiberiti 10. Huhitaji kuwaambia wachezaji hesabu hiyo, ila kumbuka kwamba shura hunyonya unyevu. Hesabu baruti kwa mapipa: pipa moja ni risasi kumi za mzinga mdogo, au risasi moja ya mzinga mkuu. Pipa lililolala nje usiku wa mvua linatupiwa dadu ya pande sita. Moja au mbili, halifai tena. Mapipa yakae mbali na mzinga, na mtu mmoja apewe kazi ya kuyachukua. Umbali ule wa hatua 30 kati ya ghala na mzinga umenizalia visa vingi vizuri kuliko mzinga wenyewe.

Mzinga mdogo unaweza kupiga mara mbili kwa dakika, lakini katika vita vya siku nyingi hauzuiwi na muda. Unazuiwa na mapipa. Hilo peke yake linakuondolea haja ya kuweka kikomo cha kubuni.

Ukuta una siku zake

Gawa ukuta katika vipande vya hatua kumi hivi, na kila kipande kipe visanduku 40 kwenye karatasi. Upanga, mshale na shoka havifuti hata kimoja. Mzinga mdogo unafuta kimoja, mzinga mkuu vitatu. Vikibaki 20, kuna nyufa ambazo mtu mwepesi anaweza kuzipandia. Vikiisha, kuna mwanya, na kifusi chake kinakuwa ngazi.

Sasa waruhusu waliomo ndani wajenge usiku. Constantinople walifanya hivyo wiki baada ya wiki: jua likizama, wenyeji walitoka na mbao, mapipa yaliyojaa udongo na chochote kilichopatikana, wakaziba pale palipobomolewa mchana, chini ya uongozi wa Giovanni Giustiniani, Mgenoa. Udongo laini ulimeza mawe ya mizinga kuliko jiwe la ukuta lililokuwa likivunjika. Kanuni yake ni rahisi: kila kikosi kinachofanya kazi usiku kucha kinarudisha visanduku viwili, visizidi sita kwa usiku mmoja, na visanduku vya udongo vichore kwa rangi nyingine, kwa sababu mzinga mkuu unavifuta viwili badala ya vitatu.

Tazama hesabu inavyokaa. Risasi saba, nusu zinagonga, kila moja inafuta visanduku vitatu: kama kumi kwa siku. Usiku vinarudi sita. Ukuta unapoteza vinne, kwa hiyo utaanguka baada ya siku kumi. Mpe kila upande hesabu hiyo waziwazi. Wahusika wakiwa ndani, wataanza kufikiri: tukichoma daraja lao la mbao, mapipa ya baruti yatachelewa siku mbili. Tukimuua fundi wao, risasi zitapungua. Wakiwa nje watauliza mbao zile zinatoka wapi, na nani anazipitisha. Hapo mchezo umekuwa wa watu tena. Mzingiro wa Constantinople ulianza tarehe 6 Aprili na mji ukaanguka tarehe 29 Mei, na katika siku hizo kulikuwa na mashimo ya chini kwa chini, meli zilizoburutwa nchi kavu juu ya magogo, na mashambulizi ya usiku. Mizinga ilikuwa mapigo ya ngoma nyuma ya hayo yote.

Miezi 33

Mfano wa nyumbani niliokuahidi ni Fort Jesus, Mombasa. Kama hujawahi kusimama juu ya kuta zake, nenda. Hakuna kitabu cha kanuni kitakachokufundisha zaidi ya nusu saa mle ndani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kiitaliano, na pembe zake zilizochomoza nje zimekaa hivi kwamba anayeufikia ukuta upande mmoja anaonekana kutoka upande mwingine. Katika kanuni, ngome ya namna hiyo haina mahali pa kujificha chini ya ukuta. Mnara wa mviringo wa kale unapo.

Jeshi la Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, liliizingira kuanzia tarehe 13 Machi 1696. Ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Miezi 33. Waliomo ndani walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1697, kwa kipindi fulani, ngome ilikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Hao ndio waliolinda kuta hizo. Mwaka huo huo manowari ya Kireno Santo António de Tanna, iliyokuja kuleta msaada, ilizama chini ya ngome. Mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Na msaada wa mwisho ulipotokea baharini, ngome ilikuwa imeshaanguka siku chache zilizopita. Meli zikaona bendera ngeni, zikageuka.

Kisa chenye kumeza miezi 33 hakichezwi kwa raundi za sekunde sita. Kicheze kwa wiki. Kila wiki mezani ichukue kama dakika kumi. Weka vihesabio vinne tu: chakula, baruti, watu, moyo. Kila wiki chakula kinapungua kimoja. Kila mhusika anachagua jambo moja la kufanya: kuwinda au kuvua nje ya mstari wa adui, kutengeneza ukuta, kutibu wagonjwa, kupeleleza, kuwatia watu moyo. Kisha msimulizi anatupa dadu moja kwa ajili ya maradhi, na kadiri watu walivyosongamana ndani, ndivyo dadu inavyokuwa kali. Kihesabio kikifika sifuri, msiteremshe pazia, chezeni tukio. Chakula kimeisha: nani anafungua lango? Moyo umeisha: nani anatoroka usiku, na je, mhusika wako anamwona?

Na weka upepo. Pwani yetu iliishi kwa kaskazi na kusi, na mzingiro ule nao uliishi kwa hizo pepo: meli za Goa zilingoja kaskazi, za Msumbiji zilihitaji kusi. Chora duara la miezi 12 na utie alama ya majira ambayo msaada unaweza kuja. Wachezaji wakijua kwamba hakuna tanga litakaloonekana kwa miezi mitano, watagawa unga kwa namna nyingine kabisa. Ulimwengu wako ukiwa wa bara, badala ya upepo weka masika yanayofunga barabara, au theluji mlimani.

Pale kati ya wiki moja na nyingine ndipo unaposhuka kwenye raundi: usiku wa kuvamia ghala la baruti, asubuhi ya mwanya kufunguka. Pigano moja au mawili kwa kila miezi mitatu ya kisa yanatosha.

Wachawi wako watauliza

Mchezaji mwenye mchawi atauliza mzinga wa nini, naye anarusha mpira wa moto wa dadu nane za pande sita. Mjibu kwa kanuni. Mpira wake wa moto unafika futi 150, mzinga 600. Yeye anachoka baada ya mara mbili au tatu, mzinga unataka mapipa tu. Moto wake hauvunji jiwe. Ila moto wake na baruti ya adui vikikutana ni jambo kubwa, kwa hiyo kila jeshi lenye akili litakuwa na mchawi wake wa kuyalinda mapipa, na vita vya wachawi wawili juu ya ghala la baruti ni kisa tosha cha usiku mzima. Zuia jambo moja tu: uchawi wa kutengeneza ukuta papo hapo. Ukiuruhusu, ile hesabu ya visanduku inakufa. Mimi nauacha uchawi huo utengeneze visanduku sita kwa usiku, sawa na vikosi vitatu vya waashi, basi.

Vyombo visivyo na baruti

Trebusheti, lile teo kubwa lenye mti mrefu na sanduku la mawe mazito upande mmoja, halina joto wala halipasuki, na linarusha chochote unachoweza kukibeba. Lipe risasi moja kwa nusu saa, visanduku viwili, na siku nyingi za maseremala kulijenga pale pale. Mwaka 1304 Mfalme Edward I wa Uingereza alijengewa moja kubwa mbele ya ngome ya Stirling, na walinzi walipotaka kusalimu amri aliwakatalia mpaka kwanza alijaribu. Watu walirusha hata mizinga ya nyuki kwenye ngome, na kwa lugha yetu sentensi hiyo inawafanya wachezaji wageuze vichwa. Iandikie kanuni yake mwenyewe.

Jaribu kabla ya kualika watu

Keti peke yako na dadu, upige risasi 20 za mzinga mdogo bila hadithi yoyote. Ukijikuta unafungua karatasi kutafuta kanuni baada ya risasi ya tano, kanuni ni ndefu mno, kata. Zote zinapaswa kuenea kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa kawaida.

Kisha alika watu wanne, usiwaeleze chochote ila hali yenyewe. Ni alfajiri, mwezi wa mwisho wa kusi. Ukuta wa mashariki umebaki na visanduku tisa, sita kati yake ni vya udongo. Kuna mzinga mmoja wa magurudumu, umepakiwa, umelengwa kwenye kichwa cha daraja na mtu aliyekufa jana usiku. Mapipa mawili, moja limelala nje na mvua imenyesha. Ng'ambo ya handaki kuna kitu kikubwa kinatembea, na bado giza halijaruhusu kuona ni nini. Waulize nani anashika utambi, uweke dadu nyekundu mezani.